KUIGA SI KUIBA, LAKINI MPAKA UPO

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hapa Membley, Ruiru, wanafunzi wengi hutunga bangili za shanga na kusuka vyondo vya kuuza wakati wa likizo. Swali ni hili: ukiipenda kazi ya mwenzako, ukatengeneza kama hiyo na kuiuza, je, umeiga au umeiba?

Kwanza, tutofautishe ufundi na nakshi. Kusuka kiondo ni ufundi tuliorithi kwa nyanya zetu, Wakikuyu na Wakamba. Hakuna mtu mmoja anayeumiliki. Lakini tuseme mama mmoja mtaani amebuni nakshi yake ya ndege na majani. Hiyo ni mali yake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huhesabu kazi za mikono kuwa sanaa, na hulinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Si lazima aisajili kwanza. Wengine husema ati ukibadilisha rangi tu, mambo yamekwisha. La hasha! Kama sehemu kubwa ya nakshi ni ile ile, bado ni yake.

Pili, kuna mali ya jamii nzima. Mwaka 2007 Wakenya, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft, walipinga ombi la kampuni moja ya Uingereza iliyotaka jina "kikoy" liwe alama yake ya biashara. Hebu fikiria, kikoi chetu cha pwani kishindwe kuuzwa huko kwa jina lake! Hatimaye kampuni hiyo haikupata ilichotaka. Nasi tangu mwaka 2016 tuna sheria ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Kwa hivyo tusiwafanyie Wamaasai au Wapokomo yale tuliyokataa kufanyiwa.

Tufanyeje basi? Jifunze ufundi, buni nakshi yako. Ukitaka ya mwingine, omba ruhusa, nayo iandikwe. Michoro yako iweke daftarini pamoja na tarehe. Ukipenda, isajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Usiseme ni kiondo tu. Yule mama akinakiliwa, kisha nakala ziuzwe kwa bei ya chini, wateja watamkimbia, na karo ya watoto wake itatoka wapi?