SOMO LA LUGHA: KUTELEZA SI KULALA



Mwenzetu mmoja kiwandani aliteleza kwenye mafuta akaumia mgongo. Alipoulizwa kwa Kiingereza alitaka kusema "slip", yaani kuteleza. Ikasikika "sleep", yaani kulala. Daftari la ajali likaandikwa kwamba alilala kazini. Tulihangaika sana kudai fidia yake.

Huo si ujinga. Kiswahili kina irabu 5 tu. Kiingereza cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, ingawa herufi zake ni zile zile 5. Sikio la mtu mzima limezoea zile zetu.

Basi tujifunze. Kwa "sleep", vuta midomo kama unayetabasamu, urefushe i. Kwa "slip", legeza midomo na ulimi, ukate upesi. Sauti iwe kati ya i na e.

Sikio litangulie ulimi. Anayejua aseme neno huku ameficha mdomo. Wengine wainue kidole 1 kwa "slip", 2 kwa "sleep". Dakika 10 za mapumziko zatosha.

Na ukiumia, usitegemee neno moja. Onyesha mafuta yalipomwagika, na mwite mwakilishi wa chama kabla ya kutia sahihi.