Tutunze Kichwa cha Diski, Tutunze Hesabu za Kikundi

Wasomaji wetu, katika somo hili tutaangalia kitu kidogo sana ambacho wengi wetu hatujawahi kukiona kwa macho, lakini hesabu za vikundi kadhaa zinakitegemea. Ni kile kichwa kinachosoma na kuandika ndani ya diski ya kompyuta. Kikundi cha kijijini kikipata kompyuta, mara nyingi huwa ni ile iliyokwisha kutumika kwingine, na hizo za zamani ndizo zenye diski inayozunguka. Simu, flashi na laptopu nyingi za miaka ya karibuni hazina kichwa wala kitu kinachozunguka ndani, kwa hivyo somo hili haliwahusu sana wenye hizo. Lakini zile diski za nje za kuchomeka kwa waya, ambazo watu hununua ili kuwekea nakala, nyingi bado ni za kuzunguka.

Tuanze na kitu tunachokijua, yaani kaseti. Kwa jamaa zetu Wasomali kaseti ilikuwa barua. Kijana aliye Ughaibuni alirekodi sauti yake, akaituma, na nyumbani nyanya akaketi na wajukuu kusikiliza. Mashairi na nyimbo pia zilisafiri hivyo. Sauti ikianza kufifia, fundi wa redio alifungua kifuniko, akachukua pamba yenye spiriti na kufuta ile hedi. Utepe wa kaseti huigusa hedi unapopita, na unga wake wa kahawia hubaki pale. Ukiufuta, sauti inarudi. Kazi imeisha.

Mwaka 1988 mji wa Hargeisa ulipigwa mabomu na ndege za serikali yao wenyewe. Watu wa redio na wasanii walificha kaseti na tepu za nyimbo na mashairi, nyingine wakazifukia ardhini. Baada ya miaka zilitolewa, zikasikilizwa tena. Iliwezekanaje? Ni kwa sababu tepu ilikuwa ardhini peke yake na hedi ilibaki kwenye redio. Hata redio ikivunjika, unatafuta nyingine na tepu inasema.

Diski ya kompyuta si hivyo. Kichwa na diski vimefungiwa pamoja katika kisanduku kimoja tangu kiwandani mpaka mwisho. Kichwa kikiharibika, huwezi tu kuitoa diski na kuisomea kwingine. Tena kibaya zaidi, kichwa chenyewe ndicho kinachoweza kukwangua maandishi. Utando wa sumaku ukishakwanguliwa kutoka kwenye diski, maandishi yaliyokuwa pale yamekwenda.

Sasa tuelewe kinavyofanya kazi. Ndani kuna sahani moja au zaidi, laini kama kioo, yenye utando mwembamba wa sumaku. Katika laptopu nyingi sahani hiyo huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Ukipiga hesabu, ukingo wake unakimbia kama kilomita 65 kwa saa, mwendo wa lori barabarani. Kichwa kiko kwenye ncha ya mkono mwembamba, na sahani ikizunguka, upepo wake hukiinua kikaelea juu yake. Hakiigusi. Nafasi iliyopo kati yao ni ndogo sana: unywele mmoja wa binadamu ni mnene kuliko nafasi hiyo mara elfu kadhaa. Kwa kichwa hicho, chembe ya vumbi ni kama kilima.

Watengenezaji wamehangaika na jambo hili tangu mwanzo. Mashine ya kwanza ya diski ya kampuni ya IBM, mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na ilitumia hewa ya kusukumwa kwa pampu ili vichwa visiguse. Mwaka 1973 wakatoa diski iliyofungwa kabisa, yenye vichwa vyepesi na sahani iliyopakwa mafuta kidogo, ili kichwa kiweze kutua taratibu sahani inaposimama. Kompyuta ndogo za miaka ya 1980, nyingi zilitaka mtu aandike amri ya kuegesha kichwa kabla ya kuzibeba. Ukisahau, shauri yako. Baadaye diski zilianza kujiegesha zenyewe, na nyingi za laptopu zina kijingazi pembeni ambapo kichwa hupanda kupumzika. Mwaka 2003 zilitoka laptopu zinazohisi kwamba zinaanguka na kuondoa kichwa haraka kabla hazijafika chini.

Basi mtu atauliza, kama inajiegesha yenyewe, sisi tujisumbue nini? Tuchukue mfano. Tuseme kikundi cha akina mama 25 kina hagbad ya kila mwezi na mikopo ya mbuzi. Kompyuta iko mezani, inawaka, katibu anaandika. Wageni wanafika, meza inatakiwa kwa chai. Mtu anainua kompyuta ikiwa bado inawaka na kuitua sakafuni kwa kishindo. Wakati huo kichwa kiko juu ya sahani inayokimbia. Kinaruka, kinapiga. Pengine hakuna linaloonekana siku hiyo, ila mwezi wa pili kompyuta inakataa kufungua hesabu, na hakuna anayejua ni nani amelipa. Sisi tunaona hapo ndipo ugomvi huanza, na kikundi cha miaka mingi kinaweza kuvunjika kwa sababu ya chai.

Kwa hivyo zima kwanza, ndipo ubebe. Si kufunika tu kifuniko cha laptopu na kuitia kwenye mfuko, maana nyingine huendelea kuwaka ndani. Izime kabisa, hesabu nusu dakika sahani isimame, halafu uinue. Safari ya barabara ya vumbi na mashimo, kompyuta iwe imezimwa na ipakatwe mapajani, isiwe chini ya magunia. Diski ya nje ilale bapa mezani, isisimamishwe kama kitabu rafuni, kwa sababu waya ukivutwa na mtoto inaanguka.

Stima ikikatika ghafla, diski hutumia nguvu ya ule mzunguko uliobaki kukirudisha kichwa mahali pake. Ni akili nzuri, lakini ni kama kufunga breki za dharura. Diski nyingi za laptopu hupimwa kuvumilia kuegeshwa kwa kawaida mara laki kadhaa, lakini kwa dharura mara elfu chache tu za makumi. Tena faili iliyokuwa ikiandikwa inaweza kuharibika hata kama kichwa kimepona. Anayetumia jenereta au sola asingoje ikatike. Mafuta yakikaribia kuisha, hifadhi kazi na uzime.

Kuhusu vumbi letu la Garissa, wengi hudhani linaingia ndani ya diski. Kisanduku kimefungwa, na kikiwa na tundu dogo la kupumulia lina kichujio ndani. Usilizibe kwa gundi. Wala usifungue kisanduku ati upulize, kwani ukifungua tu umekwisha kuiharibu. Huku si kama kufuta hedi ya redio. Vumbi huleta madhara kwa kuziba feni, na joto linapanda. Kwetu joto la mchana hupita digrii 35, hivyo laptopu isiwekwe juu ya godoro au mto, wala isiachwe ndani ya gari lililo juani.

Ukisikia tak, tak, tak ndani ya mashine, zima hapo hapo. Usijaribu mara tano uone kama itakubali, maana kila jaribio kichwa kinaweza kukwangua zaidi. Usiipige, usiitie kwenye friji kama wengine wanavyoshauri. Wako mafundi wenye chumba kisicho na vumbi wanaoweza kubadilisha vichwa, lakini gharama yake inaweza kuzidi thamani ya kompyuta yenyewe.

Kwa sababu hiyo kitabu cha mweka hazina kisitupwe. Kila mkutano andika kwenye kitabu kwanza, kisha kompyuta, kisha nakala kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine. Flashi nayo hufa, tusidanganyane, lakini ni nadra vitatu kufa siku moja.

Mkutanapo, jadilianeni haya: Kompyuta ya kikundi chetu ina diski ya aina gani, na nani atamuuliza fundi? Nakala ya mwisho ilifanywa tarehe gani, na iko kwa nani? Mkutano ukihitaji meza, ni nani mwenye ruhusa ya kuihamisha mashine?