Binti Yetu Ameitwa Rongo: Je, Aingie Vyama vya Wanafunzi?

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi alitujia mzazi mmoja na suala. Bintiye ameitwa Chuo Kikuu cha Rongo, katika kaunti ya Migori, naye hajapata kulala nje ya Mombasa ila kwa jamaa zake wa Lamu. Binti amesikia kwamba wageni wanapowasili chuoni, vyama vya wanafunzi huweka meza na kuwaita wajiandikishe. Akamwuliza babake aingie kipi. Baba akamjibu: “Usiingie chochote, mwanangu. Soma, sali, urudi nyumbani.” Kisha moyo ukamtia shaka, akaja kutuuliza kama amenena sawa.

Twakiri, ndugu wasomaji, kwamba jawabu hilo lilikuwa letu pia. Miaka michache nyuma tulimnasihi kijana wa mtaani petu aliyekwenda kusoma bara ajitenge na makundi. Akatutii. Katika muhula wake wa kwanza alishikwa na homa, akalala chumbani siku nane, na mwenziwe wa chumba alikuwa amekwenda kwao. Hapana aliyemtafuta, kwa kuwa hapana mahali popote alipokuwa akingojewa. Aliporudi likizo alitwambia: “Masheikh, hakuna aliyejua kuwa sionekani.” Nasaha ile tuliitoa sisi, na dhima yake twaijua.

Basi na turejee katika sira. Mtume (S.A.W.) alipokuwa kijana wa miaka kama 20, kabla ya kupewa utume, mfanyabiashara mmoja wa Zabid, katika nchi ya Yemen, aliuza bidhaa zake Makka kwa al-As bin Wail, naye akamnyima thamani yake. Mgeni yule hakuwa na ukoo wa kumtetea. Ndipo watu wa koo kadhaa za Kikureshi walipokusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kusimama pamoja na kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arejeshewe haki yake. Mapatano hayo ndiyo Hilful-Fudhul. Mtume alihudhuria, na baada ya kupewa utume aliyasifu, akabainisha kwamba lau angaliitwa tena kwa jambo kama lile angaliitikia.

Angalieni vema. Waliokutana katika nyumba ile hawakuwa Waislamu, na wengine wao walikufa bila ya kuuona Uislamu. Kilichowakusanya ni haki ya mtu mmoja mgeni. Basi chama chapaswa kuulizwa kwanza: mmeahidiana nini, na je, mwatimiza? Suala la nani amekaa kiti cha upande wa pili huja baadaye.

Na huko anakokwenda binti si jangwa. Rongo iko katika njia itokayo Kisii kwenda Migori, nchi ya mashamba ya miwa, na chuo chake kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016. Mwaka huo huo, katika mji wa Homa Bay, kilianzishwa chuo chenye jina la Tom Mboya, wakati huo kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Maseno. Mboya mwenyewe, ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga, alipanda kwa njia ya vyama: mwaka 1953, hajatimiza miaka 24, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Kenya.

Wengi wetu hapa pwani twadhani kuwa ukipita Nairobi adhana hukatika. Si kweli. Kendu Bay, bandari ndogo katika kaunti hiyo ya Homa Bay, ina Waislamu tangu zamani, na miongoni mwao wamo Wajaluo wenyewe. Pande hizo ndiko kwao Hussein Onyango Obama, Mjaluo aliyesilimu. Mwanawe, Barack, aliyezaliwa karibu na Kendu Bay, alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Hawaii, Marekani, mwaka 1959. Mjukuu wake, yule aliyekuwa rais wa Marekani kuanzia 2009 hata 2017, amesimulia kwamba babake alisaidia kuunda huko chama cha wanafunzi wa nchi mbalimbali, akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mgeni wa wageni, na hakungoja meza iwekwe.

Tulimjibu mzazi yule hivi. Binti na aingie chama cha wanafunzi wa Kiislamu, apate wa kusali naye na kufuturu naye. Tena aingie kimoja cha majirani: cha mdahalo, cha huduma ya kwanza, cha kupanda miti, au cha somo lake. Viwili vyatosha. Anayejiandikisha katika saba hufanya kazi katika hata kimoja? Kabla ya kutoa ada aulize nani mweka hazina, na hesabu husomwa lini mbele ya wanachama. Asiyeweza kujibu hilo asipewe hata shilingi. Wanaoahidi kuzidisha fedha awapite mbali, na makundi ya kikabila yanayofufuka kila uchaguzi unapokaribia awaachie wenyewe. Saa za sala azitaje siku ya kwanza, kwa adabu na bila ya haya. Akingoja mpaka mwezi wa tatu wataona anatafuta udhuru.

Na akilazimishwa? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 36, yampa kila mtu haki ya kuingia chama, na yakataza mtu kushurutishwa kuingia.

Mzazi alinyamaza kitambo, kisha akauliza: “Na hicho cha mdahalo, si kuna wavulana?” Tukamwambia wapo, kama walivyo darasani alikokubali mwenyewe kumpeleka. Hakupendezwa, lakini alimpigia simu bintiye pale pale barazani.

Vijana wetu mlioko Rongo, Migori na Homa Bay, tupelekeeni salamu kwa wazazi wenu. Binti atawasili muhula ujao, nasi twataka apate wa kumpokea stendi.