Kujenga Bila Msimamizi: Somo Kutoka Kichuguu cha Mchwa

Katika kaunti ndogo ya Ndhiwa si vigumu kukutana na kichuguu. Mvua zinapoanza, watoto hukizingira wakisubiri ng'wen, yaani kumbikumbi, watoke. Mwenye nyumba ya miti na udongo huwatazama wajenzi wake kwa jicho jingine kabisa. Lakini kichuguu hicho kina swali ambalo wataalamu wa kompyuta wamelifanyia kazi kwa zaidi ya miaka 30: nani anayewaelekeza mchwa?

Hakuna anayewaelekeza. Malkia hutaga mayai, hatoi amri. Mchwa wafanyakazi wanaojenga vichuguu vikubwa ni vipofu, wala hakuna hata mmoja mwenye ramani ya jengo. Mwaka 1959 Mfaransa Pierre-Paul Grassé, mtaalamu wa wadudu, alieleza jinsi kazi inavyokwenda. Mchwa mmoja akiweka donge la udongo, donge lenyewe humvuta mwingine aweke lake papo hapo. Kazi iliyokwisha kufanyika ndiyo inayoagiza kazi inayofuata.

Wataalamu wa kompyuta walichukua wazo hilo na kulitumia katika kile kinachoitwa mifumo ya mawakala wengi. Wakala huyu si yule wa kutuma pesa kwa simu, ingawa kuwalinganisha kunasaidia. Wakala wa pesa hutegemea mtambo mkuu. Mtambo ukizimika, kibanda cha Ndhiwa mjini na kile cha Rodi Kopany husimama kwa pamoja. Wakala wa programu ni kipande kidogo cha programu kinachoangalia yaliyo karibu nacho tu, kikaamua chenyewe, kisha kikaacha alama ambayo wenzake wataisoma. Baadhi wakiharibika, waliobaki huendelea.

Walimu wanaweza kulifundisha jambo hili uwanjani bila kompyuta, kwa zoezi linalotokana na kazi ya Mitchel Resnick, mtafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani. Tawanya vifuniko 100 vya chupa. Wanafunzi 20 watembee ovyo, wakiwa kimya, bila kiranja. Kanuni ni mbili. Asiye na kitu mkononi akikuta kifuniko, akiokote. Mwenye kifuniko akikuta kingine, aweke chake kando ya hicho. Mwanzoni ni vurugu tupu. Baadaye marundo hujitokeza, na idadi yake hupungua polepole, kwa sababu rundo likishaisha lote haliwezi kuanza upya: hakuna anayeruhusiwa kuweka kifuniko mahali patupu. Hakuna mwanafunzi aliyeambiwa ajenge rundo.

Kwa upande wa njia, mwalimu ni siafu na sisimizi. Marco Dorigo, katika tasnifu yake ya mwaka 1992 huko Milano, Italia, aliandika programu ambamo mawakala hutafuta njia na kuiachia alama mfano wa harufu ya sisimizi. Njia fupi hupata harufu nyingi, na harufu nyingi huvuta mawakala zaidi. Ila Dorigo aliongeza jambo moja ambalo, kwa kweli, ndilo lenye uzito: harufu hufifia. Isipofifia, wote wataendelea kufuata njia ya zamani hata ikiwa mbaya. Kuna siafu wa Amerika ambao wakipotea hufuata harufu ya wenzao kwa mduara mpaka wanakufa kwa uchovu, kila mmoja akitii kanuni yake bila kosa.

Mkulima wa miwa wa Ndhiwa ataona faida na hatari papo hapo. Muwa ukishakatwa hupoteza uzito na sukari kadiri unavyokaa juani, na malipo hufuata uzito. Tuseme kila lori lina simu inayoacha alama: hapa nimepita, hapa nimekwama kwenye udongo mweusi. Malori yanayofuata yasome alama hizo na kuchagua njia bila kungoja mtu ofisini. Mvua ikikata barabara saa nane, saa tisa njia nyingine imekwisha kupatikana. Si ndoto, huko Uswisi programu za aina hii zimetumika kupanga safari za malori ya kupeleka bidhaa madukani.

Lakini shamba lililo mwisho wa njia mbaya litapata alama chache, na kwa hiyo malori machache, na kwa hiyo alama chache zaidi. Miwa yake itakauka bila mtu yeyote kuamua kumnyima mwenye shamba. Akienda kulalamika, hatapata ofisa aliyepanga hivyo. Palipo na kanuni kama hizo, swali la kuuliza kwenye baraza si nani anayeendesha malori, bali nani aliandika kanuni, alama inafifia baada ya muda gani, na shamba ambalo halijafikiwa kwa siku kadhaa linaongezewa nini ili livute lori.

Mwalimu anaweza kuonyesha uzito wa kanuni siku hiyo hiyo. Abadilishe ya pili tu: mwenye kifuniko akiweke popote anapochoka. Watoto ni wale wale na bidii ni ile ile, lakini vifuniko vitabaki vimetawanyika mpaka kengele ya jioni.