Insha ya Wasifu: Mfano wa Msanii Wangechi Mutu

Insha ya wasifu huwapotezea wengi alama kwa sababu moja: huorodhesha tarehe, wakasahau kueleza mhusika ameacha nini. Kabla ya kuandika, jiulize: Ni nani? Amefanya nini? Kazi yake ina maana gani kwetu? Soma mfano ufuatao.

Maisha yake

Wangechi Mutu alizaliwa Nairobi, Kenya, mwaka 1972. Alisoma Nairobi, kisha akaenda shule ya bweni huko Wales. Katika miaka ya 1990 alihamia New York, Marekani. Alihitimu shahada ya kwanza katika chuo cha Cooper Union mwaka 1996, na shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Yale mwaka 2000. Baada ya miaka mingi ughaibuni alifungua karakana Nairobi, na sasa hufanya kazi katika miji yote miwili.

Mtindo wake

Kazi zake huhusishwa na usurialisti, mkondo wa sanaa ulioanzia Ufaransa. André Breton alitoa ilani yake Paris mwaka 1924. Wasanii wa mkondo huu huunganisha vitu visivyokaa pamoja, kama tuonavyo ndotoni. Mutu hukata picha za magazeti ya mitindo na za vitabu vya tiba, huzibandika na kuzipaka rangi, hadi atokee mwanamke mwenye viungo vya mnyama, mmea au mashine. Mbinu hiyo huitwa kolaji. Je, anataka kutushangaza tu? Hapana. Anahoji ni nani aliyeamua mwanamke wa Kiafrika atazamwe vipi.

Urithi wake

Mwaka 2014 alifanya maonyesho London, akayapa jina la Kiswahili: Nguva na Nyoka. Mwaka 2017 alitengeneza sanamu ya shaba, Water Woman, yaani mwanamke mwenye mkia wa nguva. Hapa Kilwa Masoko ninapofundisha, mvuvi humjua nguva kama mnyama halisi alaye majani ya baharini, na bibi humsimulia kama mwanamke wa majini. Hadithi ambayo pengine uliidharau imeingia kwenye kumbi kubwa za dunia.

Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, liliweka sanamu zake nne za wanawake walioketi kwenye mashubaka ya ukuta wake wa mbele. Mashubaka hayo yalikuwa matupu tangu mwaka 1902.

Zingatia

Aya ya mwisho ya wasifu isirudie tarehe, bali itoe hoja. Kwa mfano: "Mutu ametuonyesha kwamba kwenda mbali si kuacha ya kwenu." Hoja hiyo ina uthibitisho, kwani jina la maonyesho ya London ni la Kiswahili. Hoja isiyo na uthibitisho ni sifa tupu, na sifa tupu haina alama.

Zoezi

1. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika: ilani, kolaji, shubaka.
2. Kwa nini mwandishi anasema Mutu hataki kushangaza tu?
3. Fupisha sehemu ya "Mtindo wake" kwa maneno 40.
4. Andika wasifu wa mwanamke wa eneo lako mwenye ufundi, kama msuka ukili au mfinyanzi. Jibu maswali yote matatu ya mwanzo.