Mwenye Nyumba na Mpangaji Acheleweshaye Kodi

Tumeulizwa mara nyingi, hasa na wazee na wajane waliojenga vyumba vya kupangisha hapa Namtumbo, imewapasa kufanya nini mpangaji asipoleta kodi siku yake. Swali hili si dogo. Mjane mwenye vyumba viwili hununua unga na sare za shule kwa kodi hiyo. Akiikosa mwezi mmoja, jikoni kwake huonekana mara. Na mpangaji naye ana watoto.

Kwanza na tuitazame sababu, kwa maana kuchelewa si kwa namna moja. Mwalimu au mwuguzi apataye mshahara kila mwezi, hali yake ni mbali na ya mkulima. Katika nchi hii fedha huja kwa majira, na ndivyo ilivyokuwa hata zamani, chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo kilipoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya kuuza tumbaku. Mpaka leo mwenye tumbaku, ufuta au mahindi hana kitu mwezi wa Februari, mvua ingali ikinyesha. Akiisha kuuza mazao, anazo. Basi kumdai mtu huyo mwezi kwa mwezi ni kujitafutia ugomvi. Afadhali kupatana naye tangu mwanzo kwamba, akiisha kuuza, alipe ya miezi ijayo kwa mara moja, kabla fedha hazijatawanyika. Lakini mwenye mshahara akikaa miezi miwili pasipo kulipa wala kusema neno, huyo tusimhesabu pamoja na mkulima.

Wengi wetu hupangishana kwa neno la kinywa tu, kwa kuwa ni majirani au jamaa, nao huona haya kuandikiana. Haya hiyo ndiyo izaayo uadui. Karatasi moja yatosha: majina, kodi, siku ya kulipa, muda wa taarifa ya kuhama, na shahidi, kama mwenyekiti wa kitongoji. Kila malipo yaandikwe daftarini, na mpangaji apewe stakabadhi. Akilipa kwa simu, ujumbe usifutwe. Kuandikiana kumezidi kuwa na maana tangu mwaka 2005, ilipofutwa sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba, kwa kuwa sasa mapatano ndiyo yategemewayo sana.

Siku ya kodi ikipita, mwenye nyumba asinyamaze miezi mitatu akiweka hasira moyoni, kisha akaja na kelele. Aende juma lile lile, aseme naye faraghani, si kisimani wala mlangoni pa kanisa. Amwulize atalipa kiasi gani na lini. Akileta nusu, aipokee na kuiandika, na salio lipangiwe siku.

Liko jambo tulikatazalo kabisa, nalo ni kumfungia mtu kwa kufuli, kung'oa mlango, kuezua bati, au kumtwalia godoro. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, mwenye kudai rehani huamriwa asiingie nyumbani mwa mdaiwa, bali asimame nje mpaka aletewe. Agizo hilo alipewa mkopeshaji. Nasi twaona lamhusu mwenye nyumba zaidi, kwa sababu yeye ana ufunguo wa pili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo yataka mpangaji apewe kwanza taarifa ya maandishi kabla ya upangaji kukomeshwa kwa ajili ya kodi.

Akiisha kupewa taarifa, naye halipi wala hahami, shauri lipelekwe Baraza la Kata. Tangu mwaka 2021 kazi ya baraza hilo ni kusuluhisha tu, wala si kuhukumu. Usuluhishi ukishindikana, liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lenye mamlaka ya kukata shauri. Katekista aweza kuwapatanisha wakimwita, ila asijifanye hakimu, wala asikubali kuwekewa fedha za kodi nyumbani kwake. Mbele ya mabaraza hayo mwenye nyumba achukue patano, daftari na nakala ya taarifa. Mpangaji achukue stakabadhi zake zote.