Somo: Kikwembe, mtoto na mashini ya mpunga

Akina mama, leo hatutazungumza juu ya uji wala juu ya malaria. Tutazungumza juu ya mashini ya kutoa mpunga maganda. Pengine mmoja atauliza: mashini inahusu nini kliniki? Inahusu sana. Ni mama anayebeba mpunga kuupeleka kwa mashini, tena mara nyingi mtoto yuko mgongoni. Na mkono uliokatwa na mashini hauendi kwa fundi, unaletwa hospitali.

Upande wetu, toka Kasongo mpaka Wamaza na Kabambare, mpunga ni chakula na tena ni franga. Wafanyabiashara waliotoka pwani, wakati wa Tippu Tip, ndio walioueneza hapa katika karne ya 19. Kisha Wabelgiji wakalazimisha watu kuulima. Miaka hiyo yote mama aliutwanga kwa kinu, na hata leo kuna vijiji vinavyotwanga. Mwenye kutwanga anajua namna mabega yanavyouma, na saa ngapi zinapotea. Basi hatusemi mrudi kwa kinu. Mashini inasaidia mama. Lakini kinu hakina mkanda wa kuvuta mtu.

Tazama vizuri mashini ilivyo. Motere ya mazutu inazungusha gurudumu lake. Mkanda wa mpira unatoka kwa gurudumu la motere kwenda kwa gurudumu la mashini. Ndani kuna chuma kirefu chenye kuzunguka, kinachosugua mpunga mpaka maganda yatoke. Watu wengi wanaogopa makelele ya motere, wengine wanaogopa mdomo ule wa juu wanapomwaga mpunga. Ni vizuri kuogopa mdomo. Lakini mkanda nao, wenye kukaa wazi ubavuni bila kufunikwa, ni hatari sana. Mahali mkanda unapoingia juu ya gurudumu, hapo nguo, nywele au kidole kikigusa, kinavutwa ndani.

Mama mmoja anaweza kusema: nikishikwa nitavuta nguo yangu haraka. Sikia hesabu hii. Katika nchi za Ulaya na Marekani wakulima wanafunga majani makavu ya ngano kwa mashini inayozungushwa na trekta. Chuma kinachotoka nyuma ya trekta kwenda kwa mashini kinazunguka mara 540 kwa dakika moja. Ndiyo kusema mara 9 kwa sekunde moja. Kama chuma kina unene wa sentimeta 7, kila kikizunguka kinakunja sentimeta 22 za nguo. Zidisha kwa 9: karibu meta 2. Kikwembe chako kina urefu gani? Hakifiki meta 2. Basi kwa sekunde moja kikwembe chote kimekwisha kuzungushwa, na mwenye kukivaa anafuata. Kule wakulima wengi walipoteza mikono na wengine walikufa namna hiyo, wanaume wenye nguvu, kwa sababu ya mkono wa koti au kamba ya kiatu tu. Na motere nyingi za mazutu zinazoendesha mashini zetu zinazunguka kwa kasi kupita hiyo ya trekta.

Sasa fikiri juu ya mtoto mgongoni. Kikwembe cha kumbebea kimefungwa kifuani kwa fundo la nguvu, ili asianguke. Fundo hilo halifunguki kwa sekunde moja. Ncha ya kikwembe ikishikwa na mkanda, mama na mtoto wanavutwa wote wawili. Kwa hiyo neno letu kubwa ni hili: mtoto asifike karibu na mashini, wala mgongoni wala kwa miguu yake. Umwachie nyanya yake, dada yake mkubwa, au mwenzako anayengoja zamu yake nje. Mkienda watu wawili mnaweza kupokezana. Hapana kumtuma mtoto wa miaka minane apeleke mpunga peke yake, hata kama anajua njia.

Mwenyewe, kabla ya kuingia, funga kikwembe vizuri kiunoni, ncha zote zikae ndani. Nywele zilizosukwa ndefu zifunikwe na kitambaa, na ncha za kitambaa zisining'inie. Mwaga mpunga kwa kutumia ndoo au beseni, si kwa mkono. Mpunga ukikwama mdomoni mwa mashini, usiusukume kwa vidole wala kwa kijiti. Mwite mtu wa mashini azime motere. Ndiyo, mazutu ni ya bei, naye hatafurahi kuzima. Azime tu. Tena angoja mpaka gurudumu lisimame kabisa, kwa sababu motere ikiisha kuzimwa gurudumu bado linazunguka kidogo, na watu wanajidanganya hapo.

Watoto wanapenda kuokota mchele na pumba zilizoanguka chini ya mkanda, wapelekee kuku. Kuokota ni baada ya motere kuzimwa, si mbele.

Jambo moja si la mama kulifanya peke yake. Mkanda unaweza kufunikwa. Seremala wa kijiji anaweza kutengeneza sanduku la mbao, au uzio wa miti yenye nguvu, pande zote za mkanda, hata mtu akiteleza asiuguse. Bei yake si kubwa. Wenye mashini wengine hawalifanyi kwa sababu hakuna anayewauliza. Lakini franga zao zinatoka kwenu. Akina mama kumi wakienda pamoja kwa mwenye mashini, na chifu akijua, atasikia upesi kuliko akiambiwa na mganga. Mwambieni pia kwamba mkanda ukitoka haurudishwi kwa mguu wakati motere inazunguka, na kwamba bomba la moshi litoke nje ya nyumba. Moshi wa motere ndani ya nyumba iliyofungwa unaua mtu bila yeye kujua. Ukisikia kichwa kuuma na kizunguzungu ndani, toka nje mara moja.

Kama mtu ameshikwa, wa kwanza azime motere, asikimbilie kumvuta. Kisha tazama damu. Weka kitambaa safi juu ya kidonda, kandamiza kwa nguvu kwa mikono yote miwili, usiachie kila mara kutazama kama damu imesimama. Kama mkono umekatika na damu inaruka hata ukikandamiza, funga kitambaa kipana juu ya kidonda, upande wa kuelekea mwilini, ukaze sana, kumbuka ni saa ngapi, na usikifungue njiani. Kidole kinachoshikwa na ngozi tu usikimalize kukata. Kifunge pamoja na vingine. Usitie majivu, mazutu, udongo, wala majani ya kutafuna. Mgonjwa aletwe siku ile ile, kwa pikipiki, kwa kinga au kwa kipoyi, hata kidonda kikionekana kidogo.

Kwa nini hata kidogo? Sababu ya pepopunda. Mdudu wake anakaa ndani ya udongo na mavi ya wanyama, na uwanja wa mashini umejaa vumbi. Anaingia kwa kidonda, na siku chache baadaye, mara nyingi ndani ya majuma matatu, taya zinakaza, kisha mwili wote. Wengi wanakufa. Chanjo inazuia. Mama anaipata wakati wa mimba, nayo inamlinda pia mtoto asiingiwe na ugonjwa kwa kitovu. Mwanamke ambaye hajachanjwa anaanza hivi: ya pili inafuata ya kwanza baada ya majuma 4, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne baada ya mwaka 1, ya tano baada ya mwaka 1 tena. Zikiwa tano, zinamlinda miaka yote ya kuzaa. Leta fishi yako, tuhesabu pamoja.

Na mtu wa mashini? Yeye hapati mimba, basi hakuna anayemwita kliniki. Siku ukipeleka mpunga, mwulize kama amechanjwa, na umwambie siku ya chanjo.